Kabureta ya Babu

Januari 11, 2022, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, nilikuwa Nairobi nikilalamika kama kila mtu. Nguzo za laini inayotoka Kiambere hadi Embakasi zilikuwa zimeanguka, na vidole vikaelekezwa kwa wezi wa vyuma. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu. Kuna watu wengi waliolala njaa kwa sababu ya amri ile, na sijasahau hilo. Lakini amri hiyohiyo ndiyo iliyookoa pikipiki ya babu yangu.

Nyumbani kwetu, si mbali na Wundanyi, Taita, baba mkubwa alikuwa ameshapatana bei na vijana wa skrapu. Walikuwa waje na pikapu waibebe pamoja na mabati mawili na jembe la plau. Marufuku ilipotangazwa wakaingia mitini. Nikapanda basi la usiku, asubuhi nikawa bandani, nikifukuza kuku waliokuwa wametaga juu ya kiti.

"Ya nini hiyo?" baba mkubwa akaniuliza. "Ilikufa mwaka 1969. Muulize babako aliiua vipi."

Sikuhitaji kumuuliza. Kwetu hadithi hiyo husimuliwa kila Krismasi, baada ya chakula, na Baba hucheka pamoja na wengine.

Inaenda hivi. Babu alikuwa dresa. Alizunguka kutoka zahanati moja hadi nyingine, milimani, akisafisha vidonda na kufunga bendeji. Miaka michache kabla ya Uhuru alinunua pikipiki kuukuu kutoka kwa mzungu mmoja wa shamba la mkonge: BSA Bantam, rangi ya kijani iliyopauka. Mwaka 1969 alimtuma Baba, aliyekuwa na miaka 14, aende Voi kununua petroli na oili. Enzi hizo hakuna aliyekuuliza leseni. Wakati wa kurudi, akipanda mlima baada ya Mwatate, pikipiki ikaanza kukohoa, ikatoa moshi, ikazima. Aliisukuma hadi nyumbani, akafika usiku. Baba mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 17, akasema kwamba kijana alinunua petroli peke yake, pesa ya oili akanywea soda. Babu akaamini. Kila mtu akaamini.

Baba alichapwa, na hilo lilipita. Lililobaki ni kwamba tangu siku ile hakuruhusiwa kugusa kifaa chochote pale nyumbani. Alikua akawa karani Mombasa. Sijawahi kumwona na spana mkononi. Hata balbu ikiungua huita mtu. Babu naye alirudi kutembea kwa miguu kwenye ile milima hadi alipostaafu, na magoti yalipomharibikia, hayo nayo yakaandikwa kwenye deni la Baba.

Nimesomea historia chuo kikuu. Nilifundishwa kuuliza: nani alisema, alijuaje, na ni nani hakuulizwa. Nimeyauliza maswali hayo kuhusu wakoloni, wamishonari na machifu. Kuhusu pikipiki iliyokuwa bandani kwetu, sikuwahi.

*

Nilipoanza kuisoma mashine yenyewe, nilikuta kwamba nayo ina hadithi ya nani apewe sifa na nani abebe lawama.

Bantam ilitoka kwenye kiwanda cha BSA huko Small Heath, Birmingham, kuanzia mwaka 1948. Herufi hizo ni Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa na mafundi wa bunduki mwaka 1861, na nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezana. Haikuwa pambo tu. BSA ni mmoja wa waliounda Lee-Enfield, bunduki ambayo wanajeshi wa Uingereza walitembea nayo hapa kwetu wakati wa Hali ya Hatari. Kwa hiyo Babu alipeleka dawa kwa wagonjwa juu ya chombo cha kampuni ya bunduki. Sidhani kama alipata muda wa kulifikiria hilo. Alifikiria mteremko.

Lakini Bantam haikubuniwa Birmingham. Ilibuniwa Ujerumani, katika mji wa Zschopau, kwenye kiwanda cha DKW. Jina lake la kwanza lilikuwa RT 125, ikatoka mwaka 1939, na mhandisi wake mkuu aliitwa Hermann Weber. Ujerumani iliposhindwa vita, michoro ya viwanda vyake ikawa ngawira. Wasovieti walifungua mitambo ya Zschopau wakaibeba, na pikipiki ileile ikaanza kutoka Moscow kwa jina la Moskva M1A. Wamarekani wakapata nakala yao kwa Harley-Davidson, kiinjini kidogo cha 125cc ambacho mashabiki wa Harley wa leo hawapendi kukitaja sana. Waingereza wakawapa BSA. Hao waliigeuza kama picha kwenye kioo: gia na kiki vilivyokuwa kushoto vikahamia kulia, kama miguu ya Waingereza ilivyozoea. Mwaka 1955 Yamaha nao, kampuni iliyojulikana kwa piano na vinanda, wakatoa pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1. Iangalie vizuri utaona RT 125 ikikuchungulia.

Weber mwenyewe alichukuliwa na Wasovieti baada ya vita, akafia huko mwaka 1948, mwaka uleule Bantam ilipozaliwa. Jina lake halikuandikwa kwenye tangi lolote.

*

Ili uelewe kesi ya Baba, lazima uelewe jinsi injini hii inavyokunywa.

Boda ya siku hizi, ile nduthi inayokupeleka kazini, ni ya stroki nne. Oili ina mahali pake chini ya injini, petroli ina njia yake, hazikutani. Bantam ni ya stroki mbili. Mchanganyiko wa petroli na hewa hupitia kwanza chini ya pistoni, mle ambamo fimbo na bearingi huzunguka, kisha ndipo hupanda juu kuungua. Hakuna oili inayokaa chini. Kwa hiyo oili lazima isafiri ndani ya petroli yenyewe: unaichanganya kwenye tangi. Ukisahau, injini hukauka, pistoni huvimba kwa joto na kung'ang'ania kwenye silinda.

Waliounda Bantam walijua kwamba watu husahau, wakaweka kikombe cha kupimia oili ndani ya kifuniko cha tangi. Unafungua kifuniko, unapima kwa kifuniko hichohicho, unamimina. Cha kwetu hakikuwepo. Tundu la tangi lilikuwa limezibwa kwa gunia, na gunia lilikuwa limeoza.

Nilifungua tangi, koki ya petroli na kabureta. Nikafunga vidude vidogo kwa gazeti. Tangi nililipakata mapajani kutoka Voi hadi Nairobi, na abiria wa pembeni akaniuliza kama ni ngoma.

Fundi niliyeelekezwa kwake yuko Kirinyaga Road, barabara ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Ana miaka sabini na kitu. Alipokuwa kijana hizi pikipiki za Kiingereza ndizo zilizomlisha, kabla Wajapani hawajaingia, na kabla mwaka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo na mji ukajaa boda. Alilishika tangi langu, akachungulia ndani kwa tochi ya simu, akalirudisha.

"Binti, hili limeoshwa na mvua miaka hamsini. Halitakwambia kitu. Lakini tutalisafisha."

Tuliliminia siki, tukaacha siku mbili. Tukatia nati na kokoto, tukalitikisa kwa zamu hadi mikono ikauma, likatema maji mekundu kama udongo wa Voi. Tukalisuuza kwa maji ya magadi ili kuua makali ya siki, tukalikausha juani, tukalisuuza tena kwa petroli.

Koki ilikuwa ya aina ya zamani. Ndani yake hakuna mpira. Kuna kipande cha gome la mwaloni, gome lilelile linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Gome hilo likiloweshwa hushikilia mafuta bila kuvuja. Likikaa kavu miaka mingi husinyaa, na koki inavuja hata ikiwa imefungwa. Nilidhani tutahitaji kuagiza kipya ng'ambo. Mzee akakitia kwenye kikombe, akamimina maji yaliyochemka kutoka kwenye chupa yake ya chai, akafunika na kisahani. Baada ya muda kikavimba, kikajaa nafasi yake tena.

"Chuma ukikiacha kinakufa," akasema. "Hiki kinasinzia tu."

Ikabaki kabureta. Ilikuwa ya Amal, jina ambalo karibu kila pikipiki ya Kiingereza ya wakati ule ililibeba. Kampuni hiyo ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1920, watengenezaji watatu wa kabureta walioshindana walipoungana. Kazi ya kabureta ni rahisi kueleza: petroli inaingia kwenye kibakuli, ndani ya kibakuli kuna boya, mafundi wanaliita floti, petroli ikipanda, boya linapanda nayo na sindano yake inaziba mlango, petroli ikishuka, mlango unafunguka. Kutoka kwenye kibakuli petroli inapita katika jeti, tundu dogo kuliko la sindano ya cherehani, inakutana na hewa, inakuwa ukungu. Ni kama tangi la choo, tu kwamba hili linapeleka moto.

Mzee alifungua kibakuli polepole. Kabla hajagusa kitu, aliinama akanusa. Kisha akaniita.

"Unaona hii?"

Chini ya kibakuli kulikuwa na utando mzito, wa rangi kati ya kijani na kahawia, ulionata kama asali iliyozeeka.

"Petroli hupaa," akasema. "Ikikaa, inapaa yote, inaacha utando mwembamba kama vanishi. Hii si vanishi. Hii ni oili. Aliyetia mafuta ya mwisho kwenye hii pikipiki alichanganya."

Nilimweleza hadithi ya 1969, soda na yote. Akasikiliza akifuta mikono. Mimi, kwa ile tabia ya darasani, nikaanza kujipinga mwenyewe: je, kama ni oili ya safari za awali? Akatikisa kichwa. Kibakuli hiki ni kidogo, unaweza kukijaza kwa vijiko. Kutoka Voi hadi ile milima ya Mwatate kinajaa na kumalizika mara nyingi sana. Kama kijana angetia petroli tupu, ingekiosha kibakuli chote kabla hajafika nusu ya njia. Na injini isingefika huko, ingeshika mapema. Kisha babu yako akafunga koki, ikabaki vile. Hii unayoiona ni ya siku ile.

"Sasa ilizimwa na nini?"

Akalitoa boya. Ni la shaba, limeunganishwa pande mbili kama vibuyu viwili vidogo vilivyokatwa na kubandikwa mdomo kwa mdomo. Akalitia kwenye maji ya moto, tukaangoja. Kutoka kwenye ule mshono, vipovu vikaanza kupanda, kimoja kimoja, kama samaki anayepumua.

Tundu lenyewe hukuweza kuliona kwa macho. Lakini petroli iliweza kuingia, kidogo kidogo, boya likawa zito, likashindwa kuelea. Mlango ukakaa wazi, petroli ikafurika, plagi ikalowa, moshi ukawa mwingi, injini ikazima. Na kwenye mlima, injini inapohema, ndipo tatizo linapojionyesha. Kijana wa miaka 14 asingeweza kulijua. Hata mtu mzima asingelijua bila kufungua, na hakuna aliyefungua. Walikuwa tayari wana jibu.

Tulilipeleka Kamukunji kwa fundi wa jua kali anayeshika vitu vidogo. Kabla ya kulehemu alitoboa kitundu kingine kwa makusudi, akapuliza ndani hadi pakawa pakavu kabisa, kwa sababu boya lenye mvuke wa petroli likikutana na moto linalipuka usoni. Matone meusi ya oili yakadondoka mezani kwake. Kisha akaziba matundu yote mawili, tone moja la lehemu kila mahali, si zaidi. Ukiongeza tone umeongeza uzito, na boya zito ndilo lililotufikisha hapa.

Jeti niliisafisha mwenyewe. Nilikuwa nimeshika waya, Mzee akanipiga kofi la mkono. Jeti ni shaba laini. Ukipitisha waya unapanua tundu, umebadilisha hesabu ya injini nzima. Akanipa kijiti cha ufagio.

*

Pasaka tulikutana Wundanyi. Nilimpigia Baba simu nikamwambia aje, sikumwambia ya nini.

Kwanza nilifungua paipu ya moshi nikamulika pistoni kupitia tundu lake. Nikaisukuma kiki kwa mkono. Ilishuka na kupanda bila shida, na ubavu wa pistoni haukuwa na mkwaruzo wa maana. Injini iliyokosa oili haiwi hivyo.

Kisha nikaenda jikoni kwa Nyanya. Nilitaka awe wa kwanza kusikia. Nikamweleza kuhusu kibakuli, utando, boya, vipovu. Nilijieleza vizuri sana, kama mtu anayetetea tasnifu. Nyanya aliendelea kuchambua mboga.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Nyanya?"

"Kwamba alinunua oili. Chupa ilimvujia njiani. Shati lake lilikuwa na oili kutoka hapa hadi hapa. Nililifua siku tatu, na halikutoka."

Nilikaa kimya. Kisha nikauliza swali ambalo sasa naona haya kuliandika. "Mbona hukusema?"

Akaniangalia, si kwa hasira.

"Nani aliniuliza, mjukuu wangu? Wanaume walikuwa nje wanaongea mambo ya injini."

Akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na kitu amekifunga kwa kitambaa. Kilikuwa kifuniko cha tangi, na kikombe chake cha kupimia. Usiku ule wa 1969 Babu alikitupa uani kwa hasira. Yeye alikiokota asubuhi. Alipofungua kibanda chake cha kuuzia, alikitumia kupimia mafuta ya taa, kifuniko kimoja kimoja, kwa watu ambao hawakuwa na pesa ya chupa nzima. Alikitumia hadi alipoacha kuuza. Kilikuwa kimeng'aa kwa kushikwa.

Mimi nilikuwa nimebeba tangi mapajani hadi Nairobi, nimechemsha boya, nimenusa kibakuli, nikitafuta shahidi. Shahidi alikuwa jikoni, miaka 53, akipimia watu mafuta kwa kile kifuniko.

Sisemi kwamba kazi ya Kirinyaga Road ilikuwa bure. Shati lilishatupwa, na neno la Nyanya peke yake, najua kwetu lingejibiwaje: kumbukumbu ya mzee, huruma ya mama. Kibakuli kilimpa mtu wa kusimama naye. Lakini tangu siku hiyo, nikisoma kitabu cha historia na kukuta sentensi inayosema kila mtu alikubali, nasimama hapo kwanza. Nahesabu ni kina nani hao "kila mtu", na ni nani alikuwa jikoni.

Mchana tuliitoa pikipiki uani. Nilieleza yote tena, mbele ya Baba na baba mkubwa, na safari hii Nyanya aliketi katikati, na baadhi ya mambo aliyasema mwenyewe. Baba hakulia wala hakucheka. Aliniomba kifuniko. Nilikuwa nimenunua petroli na oili ya stroki mbili, vikiwa kando kando. Akafungua oili, akapima, akamimina kwenye mtungi wa petroli, akihesabu kwa sauti kama mtoto anayesomeshwa: moja, mbili, tatu. Mkono wake haukutetemeka.

Baba mkubwa alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Nilingoja aseme kitu. Hakusema. Baba akapanda, akapiga kiki mara nne, tano, sita. Ikapiga chafya, ikanyamaza.

"Plagi bado baridi," baba mkubwa akasema, akiwa haangalii mtu. "Tia gia ya pili."

Akaenda nyuma, mzee wa miaka sabini, akashika kiti kwa mikono yote miwili, akainama na kuanza kumsukuma mdogo wake kuelekea kwenye mteremko.